Mdomo wa Bibi Doreen

"Mama Yvette, unamlisha nani?"

Aliyeuliza ni Mutanu, nesi, Mkamba wa Machakos, jirani wa Anésie wa mlango wa pili pale Bankstown, Sydney. Asubuhi hiyo ya Jumamosi walikuwa wamekaa wawili kwenye ngazi za nyuma ya jengo, beseni la matembele katikati yao, wakichambua majani na kuongea habari za watoto. Simu ya Anésie ilikuwa kando yake. Ndugu mmoja wa kule Baraka, Kongo, alikuwa ametuma video ya msiba, naye Anésie akaifungua aone ni nani aliyeondoka. Wimbo ukaanza.

Ndipo mkono wake wa kulia ukaacha majani. Ukapanda wenyewe, taratibu, vidole vimebana kitu kisichoonekana, ukafika usawa wa uso wa mtu aliyeketi kitini. Ukangoja. Ukainama kidogo, ukarudi. Na mdomo wa Anésie mwenyewe ulikuwa umefunguka, kama mama anavyofungua wake anapomlisha mtoto.

"Simlishi mtu," alisema.

"Aki umemlisha! Nimekuona kwa macho yangu. Hata umempangusa kidevu."

Anésie akacheka, lakini alicheka peke yake. Mlangoni alikuwa amesimama binti yake, Yvette, na taulo kichwani. "Mum, you're doing it again," akasema, kisha akarudi ndani. Anésie akazima simu. Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni kama mtu aliyenusa chakula, na alikuwa ameshiba chai na mkate muda si mrefu. Akayameza kwa siri, akashika majani tena.

Wimbo wenyewe haukuwa wa kuchezea. Katika kanisa walilokulia kina Anésie, kule kando ya ziwa, wimbo ule huimbwa mahali pamoja tu: marehemu anapoinuliwa kutoka kwenye mkeka na kuvushwa kizingiti cha nyumba yake. Hauimbwi kwenye ibada, wala makaburini, wala jikoni. Mtoto akionekana anafagia huku anauvumisha puani, atapigwa kofi na mama yeyote aliye karibu, awe wake au si wake. Mama yake Anésie ndiye aliyekuwa akiuanzisha kijijini. Alipofariki, kazi ikamwangukia binti. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Anésie aliuimba mara nyingi kuliko alivyotaka, na mara moja aliuimba akimtoa mume wake mwenyewe kwenye nyumba ya udongo yenye paa la turubai.

Mungu akamfungulia njia, akafika Sydney na binti yake. Alisomea kazi ya kutunza wazee, akapata nafasi katika nyumba moja ya wazee upande wa Fairfield, ambako kila asubuhi basi lilimshusha mbele ya maduka ya Wavietnamu. Kazi aliipenda. Alikuwa mtu wa kupasha viganja vyake moto kwenye maji kabla ya kumgusa mzee, na wa kuomba kimoyomoyo kabla ya kumgeuza kitandani. Wenzake walimtania, "Anésie, hata ukitandika shuka unaombea shuka." Naye hujibu, "Shuka nalo linabeba mtu."

Huko ndiko alikokutana na Bibi Doreen.

Doreen alikuwa ameendesha kantini ya shule ya msingi maisha yake yote ya kazi. Watoto wa mtaa mzima wamekula chakula cha mkono wake. Sasa alikuwa kitandani, mwepesi kama nguo iliyoanikwa, amewasahau hata wanawe, na alikuwa amefunga mdomo. Kijiko kikija, midomo inabanwa kama mkoba. Walimjaribu wote, kwa upole na kwa mzaha, kwa aiskrimu na kwa supu. Daktari akasema huenda hamalizi juma. Binti yake, Margaret, akaanza kuleta maua kila siku.

Asubuhi moja Anésie aliingia na bakuli la uji wa shayiri kwa sababu aliambiwa ajaribu mara ya mwisho. Akauona uso ule, akauona ule weupe wa puani anaoufahamu kwa wanaokata roho. Moyo wake ukaamua kwamba huyu mama ameshaondoka, bado mwili tu. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kwao wa kumtoa kwa heshima, akaanza kumwimbia. Aliuvumisha kwa sauti ya chini, midomo imefungwa, ule wimbo wa kizingiti.

Bibi Doreen akafungua mdomo.

Labda alitaka kupumua. Labda alitaka kusema neno. Mungu ndiye ajuaye. Lakini kijiko kilikuwa mkononi, na mkono wa mlezi hauoni mdomo wazi ukaupita. Anésie akatia uji. Doreen akameza. Wimbo ukaendelea, mdomo ukafunguka tena. Bakuli likaisha.

Nyumba nzima ilifurahi. Margaret akamkumbatia Anésie pale koridoni mpaka kofia ikamwanguka. Kuanzia siku hiyo, kila mlo ukawa ni wimbo kwanza, kijiko baadaye. Wimbo, kijiko. Wimbo, kijiko. Mashavu ya Doreen yakarudi. Juma likapita, na mwezi, na kipupwe chote, na mtu aliyekuwa anakufa akawa hafi.

Anésie hakumwambia mtu kwamba ni wimbo gani. Alijipa moyo: wazungu hawaujui, na Mungu anaona nia.

Aliyekuja kuujua ni Falone. Huyu ni msichana wa Uvira, mpya kazini, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Siku hiyo Anésie alikuwa anasukuma toroli la mashuka mbele ya vyumba, amechoka, na bila kufikiri wimbo ukamtoka puani. Falone alikuwa ndani kwa Doreen, anapanga mito. Hapakuwa na chakula, wala haikuwa saa ya chakula. Falone akaona kichwa cha bibi kinageuka kuelekea mlangoni, macho bado yamefumbwa, na mdomo unafunguka. Ukafunguka wote. Ukabaki hivyo, mweusi ndani, ulimi unacheza kidogo, unangoja.

Falone akatoka mbio.

"Mama Anésie! Unaimba nini weye?"

"Siimbi kitu."

"Ile wimbo naijua! Nyanya yangu walimutoa nayo. Mama, ile ni ya maiti!"

"Punguza sauti, mwanangu."

"Unamwimbia mtu angali muzima wimbo ya maiti, na anaitika! Mama, umemufanya nini huyu mama wa watu?"

Anésie akafunga mlango wa chumba, akasimama pale na mkono juu ya kitasa. Aliogopa kuangalia ndani kama ule mdomo umeshafungwa.

Habari ilifika kanisani kabla ya Jumapili. Kanisa lao hukodi ukumbi pale Bankstown baada ya saa saba, Waaustralia wenyewe wakishamaliza ibada yao. Akina mama walipokuwa wakipanga viti, kiti cha karibu naye kilibaki wazi. Mama mmoja akamwuliza, kwa sauti ya asali, "Mama Yvette, wazee wako wanaendelea? Hawafi, eti?" Wengine wakacheka kidogo, wakanyamaza haraka.

Kisha akafa mzee Melchior, shemasi, mtu wa watu. Familia ilipewa ruhusa kumrudisha nyumbani kwao Smithfield asubuhi moja, ili atokee mlangoni kwake kama kawaida. Nani ataanzisha wimbo? Ni Anésie, hapakuwa na mwingine anayeushika vizuri. Mama Cécile, kiongozi wa akina mama, akampa ishara kwa kichwa. Vijana wakainua jeneza. Anésie akavuta pumzi, akaanza.

Alikuwa ameliandaa chozi lake. Melchior alimpenda kama dada. Lakini chozi halikuja. Kilichokuja ni harufu ya uji wa shayiri, nzito, ya moto, ndani ya sebule iliyojaa maua na watu waliovaa vitenge. Mate yakamjaa. Akameza, yakajaa tena, yakamtoka pembeni mwa mdomo na kushuka. Mkono wake wa kulia ukainuka, vidole vimebana, ukaenda mbele kuelekea jeneza. Ukangoja hapo. Watu wote waliona.

"Yesu wangu," mtu alinong'ona nyuma. "Anakula."

Mama Cécile akamshika ule mkono, akaushusha, akauweka ndani ya viganja vyake viwili mpaka jeneza likavuka. Wimbo ulimaliziwa na wengine, ovyo ovyo.

Anésie alirudi nyumbani, akakaa kwenye zile ngazi za nyuma na nguo zake nyeusi. Mutanu akatoka na vikombe vya chai. Safari hii Anésie alimweleza yote, tangu bakuli la kwanza.

"Si uchawi," Mutanu akasema. "Tulisoma chuoni. Kuna mtaalamu mmoja wa zamani alikuwa na mbwa. Kila akitaka kuwapa nyama, anawasikilizisha mlio fulani kwanza. Mlio, nyama. Mlio, nyama. Mwishowe akileta mlio peke yake, bila nyama, mbwa wanatoa mate. Hawaamui. Mwili umejifunza, haujawauliza."

"Na mimi?"

"Wewe pia, mama. Wewe ulikuwa upande ule mwingine wa kijiko, lakini wimbo ni ule ule na chakula ni kile kile. Mwili wako umejifunza pamoja na wake."

"Kumbe mimi ni mbwa."

"Sote. Mimi nikisikia kengele ya wodini hata sokoni nasimama wima." Mutanu akajaribu kucheka. "Hakuna dhambi hapo."

Anésie aliangalia mkono wake uliokuwa umeshika kikombe. "Basi Bibi Doreen akifungua mdomo," alisema polepole, "si yeye anayefungua?"

Mutanu akamwaga masalio ya chai yake kwenye nyasi.

Neno hilo ndilo lililomnyima Anésie raha. Mpaka hapo alikuwa akiamini kwamba Doreen anaomba kula, na yeye anampa. Sasa hakujua. Mtu aliyefunga mdomo wake kwa hiari, je, aliwahi kuufungua kwa hiari? Au ni yeye, Anésie, aliyepata ufunguo wa mlango wa mtu na kuingia kila siku bila hodi?

Akaamua kuacha. Kazini alimwimbia Doreen tenzi nyingine, zile za furaha. Mdomo haukufunguka. Akamsemesha, akamchekesha, akamgusisha kijiko mdomoni. Midomo ikabanwa kama zamani. Siku ya kwanza hivyo, na ya pili hivyo. Meneja akamwita. Margaret akamfuata mpaka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, macho mekundu.

"Anésie, nakuomba. Mwimbie ule wimbo wako. Kwako anakula, kwetu hali. Ukiacha, unajua kitakachotokea."

"Najua."

"Sasa kwa nini unamfanyia hivi mama yangu?"

Anésie hakuwa na Kiingereza cha kutosha cha kueleza mambo ya mbwa na kizingiti. Akasema tu, "Sijui kama anataka."

"Anafungua mdomo!" Margaret akasema. "Mtu asiyetaka hafungui mdomo."

Meneja naye alisema hivyo hivyo. Daktari alikuwa ameandika kwamba apewe chakula akikitaka, asilazimishwe; na mdomo ukifunguka, nani atasema hataki? Kwa hiyo asubuhi iliyofuata Anésie aliingia chumbani na bakuli. Margaret alikuwa ameketi dirishani, anatazama nje, hataki kuingilia.

Anésie aliweka bakuli juu ya meza, mbali. Akakaa kitini. Akashika mikono yake miwili mapajani, wa kushoto juu ya wa kulia, usije ukainuka wenyewe. Akaomba kimya, kwa Kiswahili, "Bwana, unionyeshe." Kisha akaanza kuvumisha.

Kichwa kikageuka. Mdomo ukafunguka.

Hakutia kitu. Aliendelea na wimbo na kuangalia, si mdomo, bali mtu mzima, jambo ambalo katika miezi yote ile hakulifanya, kwa kuwa macho ya anayelisha hukaa kwenye kijiko. Na sasa akaona. Macho ya Doreen yalikuwa wazi. Yalikuwa yanamtazama yeye, na yalikuwa na maji. Shingo ilikuwa inavuta upande wa ukuta, mishipa imesimama, lakini mdomo ulikuwa unakuja huku, kwa Anésie, kana kwamba si wa uso ule. Kisha mkono wa Doreen, ule mkono mkavu uliokuwa haujainuka tangu kipupwe, ukatoka chini ya blanketi. Ukapanda kifuani, ukatetemeka, ukafika kidevuni. Akalishika taya lake mwenyewe kwa vidole, akalisukuma juu. Likafunguka tena. Akalisukuma tena, akalishikilia.

Anésie akauacha wimbo.

"Margaret," aliita. "Njoo umwone mama yako."

Margaret akaja. Akasimama. Mkono wa mama yake bado ulikuwa pale kidevuni, vidole vimeingia kwenye ngozi mpaka vimeacha alama nyeupe. Kimya kilipokaa muda, taya likatulia, na mkono ukateremka kwa uchovu juu ya blanketi.

"Anafanya nini?" Margaret aliuliza, ingawa alikuwa ameona.

"Anafunga," Anésie akasema. "Mimi namfungua, yeye anafunga."

Margaret alilia kwa muda mrefu. Katikati ya kilio alisema, "Imba mara moja tu, mara ya mwisho," na Anésie akatikisa kichwa, akamshika bega, wala hakumlaumu, kwa maana yeye pia alikuwa na wimbo umemfika puani, unamsukuma, kwa kuwa bakuli lilikuwa linafuka moshi pale mezani. Akalichukua bakuli akalitoa nje ya chumba.

Hakuimba tena. Alimlowesha Doreen midomo kwa pamba yenye maji, akampaka mafuta mikononi, akamgeuza kwa zamu. Alijifunza kufanya hayo yote kimya, meno yameuma ulimi. Falone, aliyekuwa akimkwepa, alianza kuja kumsaidia. Bibi Doreen aliondoka mchana mmoja wa jua, binti yake ameshika mkono wake, mdomo umefungwa.

Nyumba ile ina desturi nzuri. Mkazi akifa hatolewi kwa mlango wa nyuma. Hutolewa kwa mlango mkubwa aliouingilia, amefunikwa shuka jeupe, na wafanyakazi husimama pande mbili. Kwa hiyo walisimama. Kitanda cha magurudumu kikaja taratibu koridoni, Margaret nyuma yake. Falone akamsogelea Anésie, akamnong'oneza sikioni, "Mama, sasa ndio nafasi yake. Unaona? Mulango ule pale. Mwimbie sasa, haki yake."

Anésie akatikisa kichwa.

Falone akadhani ni majonzi. Kwa upendo wake wa ujana, na labda kwa kujutia yale aliyoyasambaza kanisani, akaanza yeye mwenyewe kuuvumisha, kwa sauti ndogo, kitanda kinapita mbele yao.

Anésie alikuwa anaangalia shuka. Lilikuwa limelala sawasawa juu ya uso. Na wimbo ulipoanza, pale penye mdomo, shuka likashuka. Kidogo tu. Pakawa na kishimo kama cha kidole gumba kwenye unga.

Akamziba Falone mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka msichana akagonga ukuta. "Nyamaza! Nyamaza!"

Milango ya kioo ilikuwa imefunguka wakati huo huo, na upepo ulikuwa umeingia. Falone alisema baadaye kwamba ni upepo. Mutanu naye alipoelezwa alisema ni upepo, misuli ya marehemu haina tena cha kukumbuka. Anésie aliwaitikia wote wawili. Alikubali kwamba ni upepo. Lakini siku ile, akiwa bado amemziba Falone, alikuwa amehisi kitu kingine: mdomo wake yeye mwenyewe, Anésie, ulikuwa wazi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alibaki kuosha vikombe na Mama Cécile kwenye jiko dogo la ukumbi. Mama Cécile ndiye anayewaosha na kuwavisha marehemu wa kanisa lao, kwa hiyo ndiye mtu wa kuambiwa.

"Walisema wewe ni mchawi," Mama Cécile alisema, bila kumtazama, anapangusa sahani. "Mimi niliwaambia hapana. Niliwaambia huyu amechanganya vitu viwili ambavyo havikukutanishwa."

"Ni kweli, mama."

"Basi yamekwisha. Tutamtafuta mwingine wa kuanzisha wimbo. Wewe upumzike."

"Aksanti. Lakini nina ombi."

"Sema."

Anésie akafunga bomba la maji, akaikausha mikono yake yote miwili kwenye aproni, akaishika pamoja.

"Siku yangu ikifika, musiniimbie ile wimbo. Munitoe kimya. Na mbele ya kunitoa, munifunge taya na kitambaa, mufunge sana, hata kama munaona nimeshalala."